Mbung'o Hayumo kwenye Gemu: Bonde la Lambwe na Mzozo wa Ukweli na Raha katika Michezo ya Mikakati

Mwaka 2011 Kiswahili kiliingia katika historia ya muziki kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia. "Baba Yetu", Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin, ulitwaa tuzo ya Grammy na kuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata heshima hiyo. Mchezo wenyewe ni Civilization IV wa mwaka 2005, ambamo mchezaji hulishika taifa tangu enzi za kale na kulivusha hadi enzi za safari za anga. Tazama sasa orodha ya mataifa anayoweza kuyachagua. Ukijumlisha matoleo ya nyongeza, wamo Wamali, Wahabeshi na Wazulu. Waswahili hawamo. Miaka kumi baada ya gemu hiyo, Age of Empires II ilipoongezewa sehemu ya falme za Afrika, iliweka safari za Mreno Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliziteka Kilwa na Mombasa, lakini taifa la Waswahili halikuongezwa. Ngome za pwani yetu zinazoshambuliwa mle ndani hazina budi kuvalishwa nguo za watu wengine.

Kila lalamiko la aina hii linapotolewa, jibu huwa moja: huu ni mchezo, si kitabu cha historia. Watengenezaji hudai kwamba ukweli ukizidi raha hupungua, na wapenzi wa historia hujibu kwamba raha isiyojali ukweli huwafundisha vijana uongo. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo mimi silikubali, nalo ni kwamba ukweli na raha vimewekwa katika mizani moja, kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Ushahidi wa kulipinga hilo upo mbali na Kilwa na Mombasa. Upo katika bonde ambalo halijawahi kutajwa katika gemu yoyote kubwa: Lambwe, penye mpaka wa kaunti za Homa Bay na Migori, lenye milima ya Gwassi upande wa magharibi na mteremko wa Kanyamwa upande wa kusini mashariki.

Kabla ya kufika huko, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Ndani ya gemu, ukweli wa historia unaweza kukaa katika mapambo au katika kanuni. Mapambo ni majina, mavazi, sura za majengo, muziki na tarehe. Kanuni ni yale yanayoamua mchezaji atapata nini na atapoteza nini akifanya hivi au vile. Civilization VII ya mwaka 2025 ilipowaingiza Waganda ilijitahidi sana upande wa mapambo, hata ikaweka Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa Mengo kwa amri ya Kabaka Mwanga II katika miaka ya 1880. Nilifurahi kuliona limekumbukwa. Lakini gemu hiyohiyo inakuruhusu umweke Harriet Tubman wa Marekani kuwa mtawala wa Buganda, na hakuna anayelalamika sana, kwa kuwa kila mchezaji anajua kwamba hilo ni pambo la kuchezea. Kinachopenya akilini bila kuonekana ni kanuni: kwamba ardhi isiyo na mji ni ardhi tupu, kwamba taifa hukua kwa kumeza jirani, kwamba anayeishi bila mfalme na bila mnara hajaanza kuishi.

Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi hakuwa profesa. Mapema mwaka 2018, watengenezaji wa Civilization VI walipotangaza kwamba watawaingiza Wakri wa Kanada pamoja na kiongozi wao wa karne ya 19, Poundmaker, Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wa jamii hiyo, alipinga hadharani. Hoja yake haikuwa juu ya mavazi wala juu ya sura ya Poundmaker. Alisema gemu inaendeleza dhana kwamba watu wake walikuwa na tamaa ileile ya wakoloni ya kuteka mataifa mengine na kunyakua ardhi. Pambo lilikuwa sahihi, kanuni ikasema uongo. Na ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, utaona kwamba gemu haikupata raha yoyote kutokana na uongo ule. Ilipata taifa jingine linalochezwa kama mataifa yote yaliyotangulia.

Sasa Lambwe. Upande wa kusini wa bonde, katika Kaunti ya Migori, ndipo ilipo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Asili yake inarudishwa hadi karne ya 16. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na zaidi ya mita 4, zimepangwa kwa mawe yasiyochongwa, bila udongo wala chokaa; mafundi walipanga safu ya nje na ya ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati hadi ukuta ukasimama kwa uzito wake wenyewe. Malango ni mafupi, mtu huingia ameinama, na kando yake kuna mahali pa walinzi. Ndani mna misingi ya nyumba na mazizi, na mahali hapo pamekutwa mabaki ya kazi ya chuma. Hili si boma la pekee: watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya aina hii katika eneo hilo la kusini mwa Nyanza. Na katika Kochieng, boma kubwa kuliko yote pale Thimlich, mwamba wa chini umechongwa safu za vishimo vya bao. Waliokaa katika ngome hizi walikuwa wachezaji wa mikakati. Bao halina wafalme wala ramani, lakini katika bao la Kiswahili mna kanuni ambayo watengenezaji wa leo wangeitamani: kete unazozila hazitupwi nje, huingia upande wako na kuanza kukutumikia.

Mchezaji wa gemu akiyaona maboma hayo atauliza mara moja: adui alikuwa nani? Jibu la haraka ni wevi wa ng'ombe, majirani waliokuja usiku, pamoja na simba na chui. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Adui mkubwa wa bonde hili hakuzuiwa na ukuta wowote. Mbung'o wa aina inayoitwa na wanasayansi Glossina pallidipes hupenda vichaka vizito, hunyonya damu ya pongo, ngiri na nyati, na akihamia kwa ng'ombe huwaletea ugonjwa wa nagana. Kwa binadamu huleta malale. Mbung'o haondoki kwa mishale. Anaondoka pale watu wanapokuwa wengi kiasi cha kutosha kufyeka vichaka, kulima, kuchoma mkaa wa kuyeyushia chuma, kulisha mifugo na kuwafukuza wanyamapori wanaomlisha. Watu wakipungua, kichaka hurudi, pongo na ngiri hurudi nacho, na mbung'o nyuma yao. Hiyo ndiyo hoja kuu aliyoijenga John Ford, mtaalamu aliyefanya kazi ya mbung'o katika Afrika ya kikoloni, katika kitabu chake cha mwaka 1971: kwamba jamii za Waafrika zilikuwa zimejenga namna ya kuishi na ugonjwa huu kwa kuusukuma pembeni, na kwamba namna hiyo ilivunjwa mwishoni mwa karne ya 19.

Ilivunjwa kwa mfululizo wa mapigo. Sotoka iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na katika muda mfupi ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati. Wanyamapori waliongezeka tena haraka kuliko watu waliokwisha fukarika, na vichaka vikasonga hadi mashambani. Kisha, tangu mwaka 1900 hivi, malale yalizuka kando ya Ziwa Victoria na kuua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Serikali ya kikoloni huko ikawahamisha watu kwa lazima kutoka ufukweni na visiwani, na kwa kufanya hivyo ikawaondoa wale wenye mikono ya kufyeka. Lambwe lilibaki na watu wachache, likiogopwa. Juhudi za kuwarudisha wakulima zilianza wakati wa ukoloni na kuendelea baada ya uhuru. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, makao ya mwisho nchini Kenya ya swala aina ya korongo. Katikati ya hayo malale yalilipuka tena kati ya 1980 na 1984. Ndege zilinyunyiza dawa mwaka 1981, mbung'o wakapungua sana, kisha wakarudi. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yote ni kanuni za mchezo tayari, na hakuna hata moja iliyohitaji kubuniwa. Watu wako wakikaa pamoja, kichaka kinarudi nyuma na ng'ombe wanapona, lakini zizi kubwa linaonekana kutoka mbali na majirani wanalitamani. Ukijenga ukuta, unazuia uvamizi, lakini mikono inayobeba mawe haifyeki. Ukiwatawanya watu ili malisho yatoshe, unamfungulia mbung'o mlango. Ukiyeyusha chuma unapata majembe, na mkaa wake unapunguza miti inayompa mbung'o kivuli, ila miti hiyohiyo ndiyo kuni zako. Sid Meier, baba wa Civilization, amekuwa akisema kwamba mchezo mzuri ni mfululizo wa maamuzi yenye kuvutia. Kwa kipimo hicho chake mwenyewe, Lambwe lina utajiri kuliko ramani nyingi zinazouzwa. Anayeondoa mbung'o ili mchezo usiwe mgumu kwa wachezaji ameondoa raha pamoja naye, akabaki na ukuta usiojulikana ulijengwa kwa nini.

Mtu atasema kwamba magonjwa yamo tayari kwenye gemu. Yamo, na tuangalie yamewekwaje. Victoria 3 ya mwaka 2022, inayoanza mwaka 1836, imeweka malaria barani Afrika. Kazi yake ni kupunguza kasi ya mataifa ya Ulaya kuweka makoloni hadi yavumbue matumizi ya kwinini. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimo pia katika ramani ile, lakini zimewekwa katika kundi la mataifa yasiyo na dola kuu, ambayo mchezaji haruhusiwi kuyachagua. Kwa hiyo ugonjwa upo kama kizuizi cha mgeni, na mwenyeji anayeamka nao kila siku hana zamu ya kucheza. Sidai kwamba waliotengeneza walikuwa na nia mbaya. Gemu yao inahusu uchumi wa dola za karne ya 19 na inaufanya vizuri. Nasema tu kwamba uamuzi wa nani anachezeka ni uamuzi wa kihistoria, na hauwezi kutetewa kwa hoja ya raha. Yamkini kuishi Lambwe mwaka 1890 kulihitaji mkakati mkali zaidi kuliko kuendesha wizara ya fedha ya London.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa Meier mwenyewe. Amesimulia kwamba alipoanza kubuni Civilization mwanzoni alitaka mataifa yapande na kuanguka, kama yalivyofanya katika historia. Wachezaji hawakuvumilia. Janga likitokea, walirudi kwenye mchezo waliouhifadhi kabla ya janga. Mwishowe akabakiza kupanda tu. Je, nani atacheza gemu ambayo sotoka inakula ng'ombe wake wote bila kosa lake? Nadhani jibu limekwisha tolewa na soko tangu wakati ule. Katika Crusader Kings mfalme hufa, mrithi huwa mpumbavu, ufalme hugawanyika, na wachezaji husimuliana maanguko yao kwa furaha kuliko ushindi wao. This War of Mine, iliyotengenezwa Poland mwaka 2014, inamweka mchezaji katika nyumba ya raia wenye njaa ndani ya mji uliozingirwa. Imependwa kiasi kwamba mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi. Watu hukimbia hasara isiyo na maana. Hasara iliyotabirika kwa dalili, ambayo uliiona ikija na ukachagua namna ya kuipokea, huwafanya waanze upya usiku uleule. Sotoka ya Lambwe ingepaswa kusikika kwanza kwa wasafiri kutoka kaskazini, ili mchezaji aamue kama atawatawanya ng'ombe kwa marafiki wa mbali, kama wafugaji walivyozoea kufanya.

Wengine wanahofia kwamba mambo ya ng'ombe na koo ni madogo mno kwa mchezo wa mkakati. Hofu hii inajibiwa na King of Dragon Pass ya mwaka 1999, mchezo mdogo wenye wapenzi waaminifu hadi leo. Ndani yake unaongoza ukoo, mali yako ni ng'ombe, unavamia na kuvamiwa, unaoza mabinti, unalipa fidia ya damu na kusikiliza baraza la wazee wanaokinzana. Dunia yake ni ya kubuni tu. Inanisikitisha kwamba Wamarekani walilazimika kuibuni dunia ambayo bibi na babu zetu waliiishi, na kwamba walipoibuni ikafana.

Kuhusu ushahidi kuwa mchache, hoja hiyo ina ukweli. Hakuna mwandishi wa karne ya 16 aliyekaa Kochieng akiandika habari. Wataalamu kama Isaya Onjala, aliyeyachunguza maboma haya kwa miaka mingi, wanaeleza kwamba yalikaliwa na makundi tofauti kwa zamu, ya Kibantu na ya Kiniloti, na haifai gemu kutoa hati ya umiliki kwa kabila moja. Lakini uhaba huo unagusa zaidi mapambo. Hatujui jina la aliyeweka jiwe la kwanza, ila tunajua ukuta unahitaji mikono mingi na mbung'o anahitaji kivuli. Hata hadithi zina mahali pake pa kweli. Gor Mahia, mtawala wa Kanyamwa ambaye jina lake leo linabebwa na klabu ya kandanda, anasimuliwa kuwa alijigeuza maumbo mbalimbali mbele ya adui. Gemu isiyotaka uongo haina haja ya kumgeuza kuwa mnyama kwenye skrini. Inaweza kuhesabu sifa yake: vijiji jirani vinavyoamini habari zake vinasita kuvamia, na utawala unaosimama juu ya hofu hiyo unayumba siku sifa inapovunjika. Imani ya watu ni tukio la kihistoria kama ukame ulivyo.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Wizi wa mifugo haujaisha katika mipaka ya Migori na Trans Mara. Watu wamekufa katika miaka ya karibuni. Je, ni busara kuwapa vijana gemu inayowapa pointi kwa kumvamia jirani mwenye jina lilelile la leo? Sitalijibu kwa kusema kwamba ni mchezo tu, maana nimekwisha sema kanuni hupenya. Najibu kwamba kanuni ya uvamizi bila gharama ndiyo isiyo ya kweli. Uvamizi ulileta kisasi, kisasi kilifunga njia za soko na za ndoa, na ukoo uliofungiwa ulikosa mikono ya kufyeka. Mabadiliko makubwa kuliko yote ya eneo hili hayaelezeki kwa vita. Abasuba wa Gwassi, Rusinga na Mfangano, wenye asili ya Kibantu, leo wengi wao wanazungumza Dholuo, na hali hiyo ililetwa zaidi na vizazi vya kuoana, kufanya biashara na kuishi jirani kuliko na mkuki. Civilization haina kitufe cha jambo hilo. Njia mojawapo ya kushinda ndani yake ni kuiteka ramani.

Gemu ya Lambwe ingehesabu kwa namna nyingine: baada ya sotoka, baada ya malale, baada ya amri ya kuhama, ni watu wangapi na ng'ombe wangapi wamebaki, na ni koo ngapi za nje zinazoweza kukukopesha ndama. Mchezaji wa Gwassi na mchezaji wa Kanyamwa wangeweza kushinda wote wawili katika mchezo mmoja, au kushindwa wote. Na zamu za mwisho zingekuwa za miaka ya 1980, pale serikali inapomkabidhi mchezaji bonde lenye wakulima wanaougua, korongo wasiopatikana kwingine nchini, na kichaka kimoja kinachowahifadhi korongo na mbung'o kwa pamoja. Tukio hilo limetokea kweli, na wanaoishi kando ya ua wa Ruma bado hawajakubaliana zamu hiyo ingechezwaje.